Simba Yumo Mkutanoni

Mchezo wenyewe hauhitaji ubao wala kete. Watu wanane au kumi huketi duara, na mwendeshaji huwagawia karatasi zilizokunjwa. Karatasi mbili kati ya hizo humwambia mwenye nayo kwamba yeye ni muuaji. Zilizosalia humwambia mwenye nayo kuwa ni mwanakijiji, asiyejua chochote. Usiku unapotangazwa wote hufumba macho, wauaji wakafumbua yao na kumchagua wa kumla. Asubuhi inapotangazwa mmoja ameshakufa, na kijiji hakina budi kukaa kikao, kubishana, kutuhumiana, na mwisho kupiga kura ya nani anyongwe. Aliyenyongwa huonyesha karatasi yake. Aghalabu hukutwa hana hatia, na hapo ndipo kicheko hupasuka.

Aliyeubuni ni Dmitry Davidoff, katika Chuo Kikuu cha Moscow, mwaka 1986, naye aliuita Mafia. Mwaka 1997 Mmarekani Andrew Plotkin aliwavua wauaji mavazi ya mjini akawavika manyoya: wakawa watu wanaogeuka mbwa mwitu usiku. Kutoka barazani mchezo ukahamia kwenye kompyuta. Mwaka 2016 kampuni ya Ubisoft ilitoa Werewolves Within, ambamo mchezaji hufunikwa macho kwa kofia ya miwani akajiona ameketi ndani ya kijiji na wenzake, ilhali kila mmoja yuko nyumbani kwake. Mwaka 2018 ukatoka Among Us, wenye vijitu vya rangi ndani ya chombo cha angani, na mwaka 2020, dunia ilipojifungia kwa sababu ya korona, vijana wa kila bara walishinda wakipayukiana humo kwamba muuaji ni mwekundu, la, ni wa kijani. Kisha mwaka 2021 Josh Ruben akauchukua ule wa Ubisoft akaufanya filamu ya kuchekesha, kwa jina lilelile.

Kuugeuza mchezo kuwa filamu ni kazi tofauti na kukigeuza kitabu. Amil Shivji alipoitengeneza Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka huohuo wa 2021, alimkuta Yasmin amekwisha umbwa na Adam Shafi, akamkuta Denge, akaukuta mji wa Unguja wenye vichochoro na siasa zake. Kazi yake ilikuwa kuchagua nini kiachwe. Mwenye kuchukua mchezo wa fujo, wa watu wengi kusemezana kwa mara moja, hakuti mtu wala kisa. Hukuta kanuni tu, na kelele. Ndiyo maana wengi hushindwa. Borderlands ya mwaka 2024 ilichukua mavazi na bunduki za mchezo wake, ikaanguka. A Minecraft Movie ya mwaka 2025 ilipata fedha nyingi mno, walakini kilichosimuliwa zaidi ni vurugu za watazamaji wenyewe, waliokuwa wakipiga ukelele na kurusha bisi ukumbini, kana kwamba mchezo umeikimbia skrini ukarudi kwa wenyewe. Kwa aliyewahi kukaa katika kibanda cha video cha Bara siku ya Jumamosi hilo si jambo geni. Huko ukumbi haujawahi kunyamaza.

Ruben alifaulu kwa kuwa aliona raha ya mchezo ule iko wapi. Iko katika usemi mbaya. Mtu asiye na hatia akiulizwa kwa ghafla hubabaika, hujikanganya, husema asichoulizwa. Muuaji husema kwa utulivu na adabu. Mswada wa Mishna Wolff unampeleka Finn, mhifadhi wa misitu, mtu mpole kupita kiasi, katika kitongoji cha Beaverfield, katika theluji ya jimbo la Vermont. Wakazi wamegawanyika juu ya bomba la gesi linalotaka kupita kwao: wapo wanaoitaka fidia na wapo wanaoutaka msitu. Barabara inazibwa na dhoruba, mashine za umeme zinakutwa zimeraruliwa kwa makucha, na wote wanakusanyika katika nyumba ya wageni wakiwa na silaha. Toka hapo mnyama hana kazi kubwa. Wengi wanaokufa wanauana wenyewe, kila mmoja akiwa na hakika yake. Filamu ina kasoro moja, nayo itarudiwa hapa chini: mwishoni mnyama anajitokeza kweli, naye ni yule ambaye mtazamaji alimpenda tangu awali.

Msomaji wa visiwani atauliza haya yote yanahusiana nini na Singida. Yanahusiana sana, hata mtu aweza kudhani Wolff aliandika mswada wake akiwa amekaa juu ya majabali ya huko. Bomba lipo: lile la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangwa kuukata mkoa huo. Mhifadhi yupo, na Kiswahili kilimpa jina zamani: bwana nyama. Simba wapo; upande wa Manyoni kuna mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Theluji haipo, lakini mvua za masika zikikata njia ya udongo, kijiji hufungika vilevile. Na mashine ya umeme inaweza kuwa ile inayojulikana na kila mtu wa Singida, mashine ya kukamua alizeti, ambayo ikinyamaza asubuhi moja kijiji kizima hutoka nje kuuliza kulikoni.

Kinachozidi hapo ni historia. Beaverfield ililetewa mbwa mwitu kutoka katika masimulizi ya Ulaya, yaliyokwisha kuwa mapambo ya filamu. Mtu-simba wa Singida ana jalada la mahakama.

Katika miaka ya 1920 ya mwanzo, na tena kwa ukali zaidi kati ya 1946 na 1948, watu wa wilaya ya Singida, wengi wao Wanyaturu, walikutwa wamekufa mashambani na njiani, miili ikiwa na majeraha kama ya makucha. Kwanza ilidhaniwa ni simba. Kisha ikasemwa ni watu waliovikwa ngozi za simba, wamelishwa dawa, wamefugwa na wachawi na kukodishwa kwa mwenye kisasi. Serikali ya Mwingereza ilikamata, ikahoji, ikashitaki, ikanyonga. Mwaka 1950 A. W. Wyatt aliandika habari zao katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1962 Harold Schneider, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wanyaturu, alirudi katika jarida hilohilo akitaka habari ile itazamwe upya. Baina ya makala hizo mbili kuna miaka kumi na miwili tu, na tayari kisa hakikuwa na uhakika.

Wakati huohuo, kusini huko Njombe, mambo yalikuwa yamepinduka. Simba wa kweli walikuwa wakila watu, na wenyeji wakaamini kwamba wametumwa kwa uganga. Bwana nyama George Rushby aliwawinda mpaka wakapungua. Basi upande mmoja wa Tanganyika simba alidhaniwa kuwa ni mtu, na upande wa pili mtu alidhaniwa kuwa ni simba, na aliyepewa kazi ya kutofautisha ni ofisa mwenye bunduki na daftari. Hapo pana komedi kubwa, na pana makaburi.

Swali basi si kama filamu ya namna hii inaweza kutengenezwa. Inaweza, na kwa fedha kidogo: Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alikwisha onyesha mwaka 2010, katika Who Killed Captain Alex?, kwamba fujo haihitaji bajeti ikiwa mwenye kuitengeneza ana moyo wa kucheka na VJ Emmie wa kuropoka juu ya picha. Swali ni kicheko kimwangukie nani. Mwaka 1947 si wakati wa Mtume. Aliyekuwa mtoto wa miaka saba siku hizo leo anaweza kuwa bibi aliyekaa mlangoni. Wajukuu wa waliouawa na wajukuu wa walionyongwa yamkini huteka maji kisima kimoja. Na tuhuma haikuishia 1948. Katika mikoa jirani, hasa Shinyanga, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia pale kuni zilipokwisha.

Visiwani hakuna wa kumcheka wa Bara katika hili. Mwaka 1995 Popobawa alipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje makundi makundi kando ya moto, na mchana wake mji ulijaa mizaha: nani kapandiwa, nani kakimbia na shuka, Popobawa ni wa chama gani. Mizaha ile ilikuwa mizuri, na mingine ingali ikichekesha hadi leo. Lakini katika siku hizohizo mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu katika mji wa Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Anayesimulia mizaha ya Popobawa aghalabu humruka huyo. Si kwa ubaya. Kisa chake hakikai pamoja na mizaha, kama mafuta yasivyokaa na maji.

Hapa ndipo kanuni za mchezo zinapofaa kutazamwa kwa makini kuliko filamu yenyewe. Mchezo huanza kwa ahadi. Mwendeshaji amekwisha zigawa karatasi, kwa hiyo muuaji yumo. Hilo halina shaka, na mwendeshaji anamjua. Ahadi hiyo ndiyo inayoufanya uwe mchezo. Mtu anaweza kumtuhumu rafiki yake, mkewe, hata mamaye, akampigia kura anyongwe, na dhamiri yake ikatulia, kwa sababu kweli yumo mmoja na kubahatisha ni wajibu. Aliyenyongwa bure atakunywa chai na wenzake, na raundi ya pili itaanza. Kijiji cha Singida cha mwaka 1947 hakikuwa na aliyegawa karatasi. Hakuna aliyejua kama wauaji ni wawili, au ishirini, au kama katika kijiji hicho hawamo kabisa na yule maiti wa juzi aliliwa na simba wa pori. Hata hivyo kikao kilikaa kana kwamba karatasi zimegawiwa.

Ndiyo kasoro ya Ruben. Kwa kumtoa mnyama mwishoni anawapa wakazi wake nusu ya haki: walikosea mtu, hawakukosea kutuhumu. Kwa Vermont hilo ni dogo, maana hakuna bibi wa Vermont atakayeamka kesho akakuta mlango wake umezingirwa. Filamu ya Singida ikimwonyesha mtu aliyevaa ngozi ya simba katika dakika za mwisho, imewapa ushindi wote waliowahi kuzingira mlango. Na ikimaliza kwa kusema hapakuwa na chochote, ni uzushi wa washamba, imewadhulumu waliouawa, maana waliuawa na miili yao ilionekana. Filamu ya Clue ya mwaka 1985, nayo komedi iliyotokana na mchezo, ilijinasua kwa kutengeneza miisho mitatu, kila ukumbi ukapata wake. Kwa jumba la kitajiri lililojaa waongo ule ni ujanja mzuri. Kwa Singida ungekuwa dharau.

Njia iliyobaki ni kuiweka komedi pale pengo lilipo, yaani mahali pa mwendeshaji. Mchezo una mwendeshaji mmoja anayejua. Kijiji hakina hata mmoja, na kwa hiyo kila mwenye cheo hukidai kiti hicho. Mwenyekiti anakidai kwa sababu ana muhuri. Mpiga ramli anakidai kwa sababu ana vibuyu. Mwalimu mkuu anakidai kwa sababu amesoma, na afisa wa bomba kwa sababu amekuja na gari. Bwana nyama, maskini, ndiye pekee aliyefundishwa kusoma nyayo, na kila akiinama kuutazama udongo anakuta watu themanini wameshapita juu yake wakienda mkutanoni. Hiyo ni picha ya kuchekesha isiyomdhuru yeyote. Mwenyekiti wa namna hiyo ndiye ambaye marehemu King Majuto angemcheza bila hata kusoma mswada: mzee mwenye heshima zake, anayeanza hotuba kwa utaratibu, na heshima ikaanza kumvuka kidogo kidogo kama msuli uliofungwa vibaya.

Na kuna lugha. Singida ni mahali ambapo Kinyaturu, Kinyiramba, Kibarabaig, Kihadza na Kiswahili huweza kukutana katika gulio moja. Mchezo wa tuhuma ni mchezo wa maneno, na maneno hayo yakipitishwa kwa wakalimani watatu, tuhuma iliyotoka kwa mtu wa kwanza ikiwa ni ya kuiba kuku itamfikia wa nne ikiwa ni ya kula mtu. Anayetuhumiwa atajibu la kuku, mkutano utasikia la mtu, na kukiri kwake kwa unyenyekevu ("ni kweli, nilimla, lakini nilikuwa na njaa na alikuwa mmoja tu") kutatikisa majabali. Anayeijua kazi ya kutafsiri anajua kwamba hakuna chumvi iliyotiwa hapo. Kuku wa Singida ni maarufu kutosha kuzua kesi.

Neno lenyewe nalo lina mtego. Mwenye kutafsiri mchezo huu kwa Kiswahili hushawishika kusema mtu-mbwa-mwitu, neno lisilotisha wala kuchekesha, kwa sababu mbwa mwitu wetu ni mnyama wa kundi anayewinda swala mchana kweupe. Akisema zimwi amelipeleka jambo kwenye ngano za watoto. Akisema mtu-simba amepata neno lenye uzito, lakini uzito huo si wake peke yake. Singida neno hilo halikuwa sitiari. Watoto huko wakicheza hivi barazani, mwenye kuwagawia karatasi afadhali aandike fisi, au jini, au mwizi wa alizeti, na simba amwache kwanza.

Je, basi, simba asiguswe kabisa? Hapana. Desturi ya Bara ina kitu ambacho Vermont haina, nacho ni utani. Mtani huja msibani akalala juu ya jeneza, akamdai marehemu madeni, akawauliza wafiwa wanalia nini ilhali maiti alikuwa mchoyo. Hakuna anayekasirika. Mgeni akijaribu neno moja tu kati ya hayo atapigwa. Tofauti yao haiko katika ukali wa mzaha. Iko katika jembe: mtani ndiye huyohuyo anayelishika kaburi likichimbwa, anayebeba, anayehudumia jikoni, na mwaka ujao akifiwa yeye, wa leo watakwenda kumlipa. Anayeitengeneza filamu ya watu-simba akitoka Dar es Salaam na kamera kwa majuma mawili, akawavika wanakijiji manyoya, akarudi, ni mgeni aliyelala juu ya jeneza. Mwongozaji anayeijua njia ya kisimani, ambaye jina la ukoo wake lilisomwa mahakamani mwaka 1947, upande wowote ule, angeweza kuthubutu mengi ambayo mwingine hawezi, na pengine yangechekesha zaidi.

Mandhari ingemsaidia. Wengi huipita Singida kwa basi usiku na kuikumbuka kwa upepo. Mchana ni nchi ya mawe makubwa yaliyosimama bila kugusana, ya ziwa Singidani na ziwa Kindai lenye maji ya chumvi, ya nyumba za tembe zenye paa la udongo lililo bapa ambalo mtu hupanda na kutazama mbali. Usiku wa tembe, watu wakiwa ndani na mtu mmoja akitembea juu ya paa, ni kitisho na kichekesho kwa pamoja; vumbi hushuka katika sufuria, wote hunyamaza, halafu aliye juu hukohoa kikohozi ambacho kila mtu anakijua ni cha mjomba. Mwongozaji mwenye akili asingeongeza muziki hapo.

Kura ndiyo itakayompa taabu. Katika mchezo kura ni kilele. Mikono hunyooshwa na kelele hufika darini. Katika filamu ya Ruben bunduki zimechukua nafasi ya kura. Huku mikono ingenyooshwa chini ya mbuyu, na kamera ingebidi ichague: iitazame mikono, ambayo inachekesha, kwa kuwa wa nyuma wananyoosha kwa sababu wa mbele wamenyoosha, na mmoja ananyoosha kuomba ruhusa ya kwenda haja; au imtazame bibi aliyekaa chini kwenye kanga, ambaye mikono hiyo ni yake. Hakuna kanuni ya mchezo inayojibu hilo. Aliyetuhumiwa katika mchezo hupewa nafasi ya kujitetea kwa dakika moja, na wachezaji wazuri huipenda dakika hiyo kuliko zote. Bibi naye apewe yake, kwa Kinyaturu, bila mkalimani, na asiwe mnyonge wa kuhurumiwa: awe na ulimi. Awataje mmoja mmoja waliomwazima chumvi. Amwambie mwenyekiti ni nani aliyemkata kitovu. Ukumbi ungecheka, na safari hii ungekuwa unacheka upande wake.

Halafu filamu ingeondoka mikononi mwa mwongozaji, kama ziondokavyo zote, ikaenda vibandani. Huko Bara umekuwapo utamaduni wa mtafsiri anayesimama na kipaza sauti kando ya televisheni akiisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili chake, mtindo aliouvumisha Lufufu jijini Dar es Salaam, na sifa ya mtafsiri wa aina hiyo ni kwamba hasimulii tu. Hutia majina. Jambazi wa Hong Kong akawa mwenye duka wa mtaa wa pili; mke wa mfalme akawa mpika maandazi. Watu hufurahi, kwa kuwa filamu imekuwa yao. Sasa mtafsiri wa namna hiyo, katika kibanda cha Iramba au Mkalama, usiku wa mvua, afike pale kijiji kinapouliza simba ni nani, naye kipaza sauti kiko mkononi, ukumbi unamngoja, na katika benchi ya tatu amekaa mama wa jirani, mwenye macho mekundu, aliyelipa kiingilio chake kama wengine.